Bumba kwenye Usukani

Ijumaa ile, mwanzo wa mwezi wa tatu,
joto la Tanga limetukaa shingoni kama taulo bichi
na masika yanasitasita huko Pemba, hayajavuka,
mtoto akaja mbio hadi uani kwangu:
Mama Nyuki, njoo! Baiskeli ya Semkiwa imeota ndevu!
Nilikuwa nachagua mchele. Nikauacha na chuya zake.

Barabara ya Kumi na Nne, nje ya duka la vipuri,
baiskeli nyeusi imeegemea nguzo, na kwenye usukani
bumba zima, refu kama mkungu wa ndizi,
linapumua.
Kengele haionekani. Breki ya kushoto haionekani.
Watu wamesimama umbali wa woga,
kila mmoja na dawa yake mdomoni:
mafuta ya taa, alisema muuza vocha;
maji ya sabuni, alisema kinyozi;
zimamoto, alisema yule ambaye siku zote husema zimamoto.
Semkiwa peke yake hakusema kitu.
Alikuwa na mashati ya shule kumi na mawili kwenye keria,
ya kufika Makorora kabla ya saa tisa,
na alinitazama kama mume anavyomtazama mkunga.

Sikuvaa wavu.
Nyuki aliyehama ameshiba,
amebeba akiba tumboni, ya siku tatu,
hana mlango wa kulinda, hana mtoto wa kupigania.
Mwenye nyumba ndiye mkali.
Hayo nilijifunza kwa kuumwa, si kwa kuambiwa.

Nikatandika kanga chini ya gurudumu, ile kuukuu,
maandishi yamechujuka, limebaki neno moja, SI,
sijui ilikuwa ikikataa nini.
Juu yake sanduku la mbao za mnazi,
nililolisugua kwa nta ya zamani na mchaichai.
Makumbi yakafuka kidogo, si moshi wa kufukuza,
wa kubisha hodi tu.

Kisha nikashika usukani kwa mikono miwili
kama mtu anayetaka kupanda,
nikautikisa mara moja.

Likaanguka.
Sauti ile sijaisikia popote pengine:
gunia la mtama uliolowa
likishushwa chini na mtu mwenye adabu.
Halafu hewa yote ikawa nyuki.
Muuza vocha akakimbia na mwavuli wake. Kinyozi akafunga mlango,
mteja ndani, kichwa nusu.

Nikasimama. Walinitembelea shingoni, kwenye kope,
mmoja akaingia mkono wa gauni akatoka kimya.
Nilikuwa nangoja jambo moja, na likaja:
pale mlangoni pa sanduku
wachache wakainua mikia, wakapepea mbawa,
wakawatumia walio juu ile harufu ya ndimu:
yumo. Mama yumo. Ingieni.
Wakaingia kwa miguu,
kanga nzima ikitembea kuelekea gizani.

Semkiwa akanyoosha mkono achukue chake.
Nikamwambia bado.
Wapo waliotumwa asubuhi kutafuta nyumba,
wako huko wanapima nyufa za maghala ya katani;
wakirudi na habari njema wamkute nani?
Akatazama saa. Akatazama mashati.
Akajitwika, akashika njia ya Makorora,
na sikumsikia akilalamika, labda kwa kuwa alikuwa mbali.

Tukakaa, mimi na sanduku na baiskeli, hadi magharibi.
Walirudi mmojammoja.
Nilipoziba mlango kwa kitambaa na kulikumbatia
lilikuwa na joto upande mmoja,
kama ukuta wa jirani anayepika.

Siku ya nne Semkiwa alipita kwangu Mikanjuni.
Hakuulizia asali. Alisema kila asubuhi, kabla hajapanda,
huwakuta watatu, wanne,
wanaizunguka kengele, wanaikagua chini na juu.
Akataka kujua awaambie nini.
Nikasema hao walichelewa. Zaidi ya hapo sikuwa na neno.

Siku hizi akitaka njia hapigi kengele.
Anakohoa.